Mwiba Ukidondoka kwenye Sahani

Kazi ya Tseng Pao-chu ilikuwa kunyamaza, na mshahara alilipwa. Usicheke. Hebu jaribu wewe kukaa mbele ya mtu mzima aliyeulizwa jambo zito, atazame ukuta, akohoe, aseme "aa, ya zamani hayo," na wewe usitie neno wala usitikise mguu mpaka lile la moyoni lipande lenyewe. Wengi hawawezi. Vijana wa chuo aliokuwa akitumwa nao vijijini walishindwa kabla chai haijapoa. Kimya kiliwatisha, wakakijaza maswali, na mwenyeji akapata pa kujificha. Pao-chu yeye aliacha kimya kikae. Ndiyo maana kwenye vijiji vya mabwawa ya samaki, huko pwani ya Chiayi, walimwita Shangazi Bubu. Akionekana tu na mkoba wake, wanawake wanaopasua chaza wanapiga kelele, "Haya, Shangazi Bubu huyo, fungeni midomo!" Halafu ndio hao hao wanaomvutia kigoda.

Hakuanzia chuoni. Miaka mingi alishona makoti ya mvua kiwandani, kiwanda kikahamia ng'ambo, naye akabaki na vidole vyenye sugu. Mtu mmoja akamwambia kuna watafiti wanatafuta mama anayejua lugha ya nyumbani vizuri, wa kuzungumza na vikongwe. Akaenda siku ya kwanza akidhani ni kazi ya wiki mbili. Mumewe, A-tek, dereva wa lori la mitungi ya gesi, hakuacha kumtania. "Huko unalipwa kunyamaza," alikuwa akisema, "nikirudi mimi unalipiza yote!"

Utafiti uliomganda Pao-chu ulikuwa wa wale wanawake waliotolewa na wazazi wao wangali wachanga, wakalelewa kwenye nyumba za wakwe zao wa baadaye. Zamani ilikuwa jambo la kawaida. Binti anapelekwa kwa watu, analelewa na kufanyishwa kazi, na akikua anaozwa kijana wa nyumba ile ile. Wenyewe walikuwa wamebaki wachache, na karibu wote walikuwa na meno ya bandia na maneno ya mkato. Mmoja wao alikuwa Bibi Bong-yo.

Jina lake maana yake ni "lea tu, liwalo na liwe." Hivyo ndivyo walivyoitwa mabinti waliozaliwa pasipotakiwa binti. Aliletwa kijijini ndani ya kikapu cha kabichi, akalelewa, akaozwa, akazaa wavulana wawili na wasichana wawili, na alipoonana na Pao-chu alikuwa mjane anayeishi na bintiye Su-o, mwanamke wa makamo ambaye hakuolewa. Ulimi wa Bibi Bong-yo ulikuwa kisu. Siku ya kwanza alimpima Pao-chu juu mpaka chini, akamuuliza, "Wewe umesomea kukaa kwenye viti vya watu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi kaa. Ila mimi nina samaki wangu, sitaacha kazi kwa ajili yako."

Ilikuwa karibu na saa ya kula mchana. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na mwatiko aliyechemshwa kwa tangawizi. Na kama hujawahi kula mwatiko, pole: samaki mtamu, lakini miiba yake haina mwisho, mingine myembamba kuliko unywele. Bibi alianza kumchambua kwa vidole. Anachomoa mwiba, anaudondosha kwenye sahani ya bati, *ti*. Kila kipande cha nyama anakipitisha kwanza kwenye midomo yake, anakipapasa kwa ulimi kama hakina mwiba, midomo inacheza cheza, kisha anakitia kwenye bakuli. Pao-chu akawasha kinasa sauti, akauliza maswali yake mawili matatu, akanyamaza.

Kimya kilikuwa kirefu siku ile. *Ti.* Kisha *ti.* Mwishowe Bibi akasema bila kuinua macho.

"Mimi nilitolewa, na mimi nikatoa. Hilo hujaniuliza."

Pao-chu hakujibu.

"Walikuja watu kutoka upande wa Pingtung, wanataka mtoto wa kike. Nilikuwa nao wawili. A-luan mkubwa, mzima, halii, anacheka na kila mtu. Na huyu Su-o, mgonjwa tangu tumboni, kila siku anakabwa na kitu. Nani achukue mgonjwa? Wakamchukua A-luan. Hakufika hata umri wa shule, homa ikamwondoa kule kule, na habari zenyewe nililetewa baada ya maziko." *Ti.* "Nilimtoa siye, mwanangu, siye wa kutolewa. Miaka yote hii namtazama huyu niliyebaki naye, najiambia, nilimtoa siye."

Kisha ndipo alipoinua macho, na yalikuwa makavu. "Haya ni ya mashine yako. Wa nyumba hii asiyasikie hata mmoja. Niahidi."

"Nakuahidi, Bibi."

"Sema kwa jina la mama yako."

Pao-chu akaapa kwa jina la mama yake, ambaye alikuwa marehemu, na kwa watu wa kule hicho si kiapo cha mchezo.

Maneno yale yalimfuata. Alipokuwa akiyaandika kutoka kwenye kinasa, ilimbidi ayasikilize na kuyarudia, kwa kuwa Bibi alikuwa akisema chini chini na ile *ti* ilimkera masikioni. Kila alipoifikia aliandika "kelele za vyombo" akapita. Profesa Kuo, aliyeongoza utafiti, kijana mwema asiye na makuu, alisoma yale maandishi akavua miwani. "Dada Pao-chu," akasema, "sentensi hii itabeba sura nzima." Akaiweka chini ya kichwa cha habari: mtoto asiyetakiwa. Pao-chu hakubisha. Yeye mwenyewe aliamini hivyo hivyo. Masikio yake si yalisikia?

Lakini tangu hapo hakula tena mwatiko. Anaosha vyombo nyumbani, kijiko kikigonga sahani anageuka. Anatandika kitanda mchana kweupe, anasikia *ti* nyuma ya mlango. Akamwambia A-tek kuna kitu kinadondoka nyumbani. A-tek akapanda juu ya dari na tochi, akashuka na utando wa buibui kichwani. "Hakuna kitu, mke wangu," akasema, na safari hii hakutania.

Mwaka uliofuata Bibi Bong-yo akapigwa na kiharusi. Ulimi ule uliokuwa kisu ukalala. Miaka miwili Su-o alimgeuza kitandani, akamnywesha uji, akamfulia, na kwa miaka miwili yote hakusikia kwa mama yake hata tusi moja. Kisha mama akafa. Kaka zake wakaja kutoka mjini, wakalia vizuri mbele ya watu, wakaondoka.

Utafiti nao ukafika mwisho. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi, na wenyeji wote waliambiwa tangu mwanzo: kazi ikiisha, sauti zote zinafutwa. Siku ya kufuta ilikuwa Ijumaa. Jumatano, jua likiwa kichwani, Su-o akatokea mlangoni kwa Pao-chu na mfuko wa chaza waliokwisha kupasuliwa, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viatu.

"Nimekuja kuchukua sauti ya mama yangu," akasema, kabla hata ya kukaribishwa.

"Ingia kwanza, Su-o. Kunywa maji."

"Sijaja kunywa maji. Kila siku namwota. Anasimama kwenye mlango wa jikoni, anachezesha mdomo hivi," akauonyesha, midomo ikafunguka na kufumba, "na sauti haitoki. Kila siku! Dada Pao-chu, mama ameenda huko hana sauti. Sauti yake mmeibakiza nyinyi kwenye mashine. Na nasikia Ijumaa mnaiua."

Pao-chu aliogopa. Nasema aliogopa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alimwona yule mwanamke mwenye macho mekundu, vidole vimekatwakatwa na magamba ya chaza, miaka miwili ya uji na mashuka, na akaisikia ile sentensi. *Nilimtoa siye.* Ampe hiyo? Ndiyo asante ya kumlea mama?

"Siwezi," akasema. "Mama yako aliniapisha. Asiisikie mtu wa nyumba yake."

"Mimi ndiye niliyemtawaza! Niliyemtawaza ni sawa na mtu yeyote wa nyumba?"

"Su-o, ahadi ni deni."

"Na mwenye deni lake ni nani? Si ni yeye?" Su-o akajifuta pua kwa mkono. "Basi twende tukamuulize mwenyewe. Akikataa, nitakuacha na amani yako. Akikubali, unanipa."

Hapo Pao-chu akakubali. Kule kwao maiti huulizwa. Wanaulizwa kama wamepapenda mahali pa kaburi, kama wameshiba chakula kilichowekwa mbele yao, kama jina la mjukuu linawaridhisha. Kumkatalia mtu asimuulize mama yake ingekuwa dharau.

Alhamisi asubuhi wakasimama mbele ya madhabahu ya nyumba, sebuleni, mlango wazi na kuku wanapita. Kibao cha jina la Bibi kilikuwa bado kipya. Su-o alikuwa ameweka machungwa, wali, na kikombe cha chai. Akawasha vijiti vya ubani, akajitambulisha kama inavyopasa, kwa jina lake na mahali anapokaa, kana kwamba mama angeweza kupotea. Kisha akachukua vibao viwili vyekundu vya mti, kila kimoja kina tumbo upande mmoja na bapa upande wa pili. Vikianguka kimoja tumbo kimoja bapa, marehemu kakubali. Vikilala vyote bapa juu, anacheka, hajibu. Vyote tumbo juu, hataki.

"Mama, ni mimi. Yale uliyomwambia Dada Pao-chu, niyasikie?"

Vibao vikaanguka sakafuni, vikayumba, vikatulia. Bapa vyote. Anacheka.

"Mama, usinifanyie mzaha. Niyasikie?"

Anacheka tena.

"Machungwa hayatoshi? Nikuongezee? Siku si nzuri?" Akavirusha na kuvirusha, na kila mara kicheko. Mwisho akavishika kwa mikono miwili, akapiga magoti. "Mama, nakuomba. Niyasikie maneno yako?"

Tumbo juu, vyote viwili.

Pao-chu alishusha pumzi. Alifurahi, na hapo hapo akajionea haya kwa kufurahi, maana Su-o alikuwa ameinamia sakafu akilia kwa sauti.

"Hata ukiwa maiti unaninyima!" alikuwa akisema. "Unadhani silijui? Unadhani silijui, mama? Kwamba ulimtoa siye! Nilikuwa na miaka minane uliponitamkia, siku nilipovunja mtungi. Ningekutoa wewe, ulisema, angebaki A-luan! Ukasahau, mimi sikusahau. Mimi sitaki maneno yako, maneno yako ninayo tele. Mimi nataka sauti tu. Nitukane, lakini toa sauti!"

Kumbe kile alichokibeba kama kaa la moto miaka yote, mwenyewe alikuwa nacho zamani. Alimhurumia. Lakini kiapo kilikuwa pale pale, na jibu la vibao lilikuwa pale pale.

Halafu, akiwa amesimama hivyo, mazoea ya kazi yakamjia. Ni mara ngapi amekaa na kikongwe, anauliza, kikongwe anacheka, anauliza tena, anacheka, akishikiliwa sana anakasirika? Na kila mara kosa halikuwa kwa kikongwe, lilikuwa kwa swali. Ukimuuliza mtu lile aliloapa kulificha, atacheka mpaka kesho. Muulize jingine.

"Usivirushe tena," akamwambia Su-o. "Nisubiri."

Akatoka uani na mkoba wake wenye kinasa sauti, akakaa kwenye lundo la magamba ya chaza, akavaa hedifoni. Alikuwa akitafuta kitu kimoja tu: kama kuna mahali popote ambapo Bibi hasemi siri. Akarudisha nyuma, akapeleka mbele. Akaikuta ile sentensi, akapita mbio. Baada yake kiapo. Baada ya kiapo kimya, na ndani ya kimya, *ti*. *Ti.* Kelele za vyombo. Alikuwa ameandika hivyo kwa mkono wake, kelele za vyombo. Sasa ndipo macho yake yalipokumbuka yale ambayo masikio yalikuwa yameyafunika: vidole vya kizee vinavyotetemeka, midomo inayokipapasa kila kipande, na bakuli linalojaa nyama nyeupe isiyo na mwiba hata mmoja. Na Bibi mwenyewe hakula. Alikuwa ameweka kifuniko juu ya lile bakuli. Kisha kwenye mashine ikaja sauti nyingine, ya juu, ya kuita mtu wa mbali.

Pao-chu akavua hedifoni.

Akarudi ndani, akachukua vibao yeye mwenyewe. Su-o akamtazama tu. "Bibi Bong-yo," akasema, "mimi ni Tseng Pao-chu, niliyekaa jikoni kwako. Yale uliyonipa mimi, ninayo, sijayatoa. Lakini kuna uliyomwambia Su-o mwenyewe, kwa jina lake, siku ile ile. Hayo si yangu. Nimpe?"

Kimoja tumbo, kimoja bapa.

Akarusha tena, kama inavyotakiwa kwa jambo zito. Kakubali. Na mara ya tatu, kakubali.

Su-o akaketi sakafuni. Pao-chu akaweka mashine katikati yao, akaifungulia pale alipopatafuta. Mwanzo hakukuwa na kitu ila pumzi ya mtu mzee, puani, yenye mluzi kidogo. Su-o akajishika mdomo, maana pumzi ile aliijua.

*Ti.*

"Nini hiyo?" akanong'ona.

"Anatoa miiba. Alikuwa na mwatiko."

*Ti. Ti.*

"Miiba ya nani?"

"Yako, Su-o. Ya bakuli lako. Kila kipande alikipitisha mdomoni kwanza, ndipo akakitia."

Su-o akamtazama kana kwamba ametukanwa. "Lile bakuli?" akasema. "Dada Pao-chu, wewe hujui. Kwenye meza yetu baba alikuwa anapata samaki mzima. Kaka zangu, samaki mzima, na kichwa chake. Mimi tangu utotoni napewa vipande vilivyovurugwa, bakulini. Nilidhani ni makombo. Nilipokuwa mkubwa nilimwambia usoni, umenilisha makombo maisha yangu yote." Akasita. "Hakunijibu. Kesho yake akanipa tena yale yale."

Mashine ilikuwa bado inakwenda. Pumzi, *ti*, kiti kikasogezwa. Kisha sauti ya Bibi Bong-yo ikapaa, kali kama enzi zake, ikajaza sebule mpaka kuku wakatimka mlangoni.

"Su-o! Su-o we! Njoo ule, unangoja nini, samaki anapoa!"

Baada ya hapo kimya. Mwitaji alikuwa akingoja aitikiwe. Hakuitikiwa.

"Siku ile nilimsikia," Su-o akasema polepole. "Nilikuwa bandani na chaza. Nilimsikia nikanyamaza. Nilikuwa nimemkasirikia, sikumbuki hata kwa nini." Akaiinamia ile mashine ndogo, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Pao-chu hakusema neno. Safari hii hakuwa kazini, lakini hakuwa na neno.

Wakairudia mara nyingi, mpaka Su-o akasema basi. Hakuomba abaki nayo. Ijumaa Pao-chu akaenda chuoni, akafuta sauti zote kama kanuni ilivyotaka, na kwenye maandishi, kabla hayajafungwa, akapita kila palipoandikwa "kelele za vyombo" akaandika: anamtolea mwanawe miiba. Profesa Kuo akasoma, akauliza sura yake sasa ataiandikaje. Pao-chu akamwambia hajui.

Wiki iliyofuata alikwenda kijijini kumwona Su-o, bila mkoba. Akamkuta jikoni, mezani, na mwatiko mbele yake. Wakasalimiana. Pao-chu akamuuliza lile lililokuwa likimkaba, kama mama amerudishiwa sauti.

"Bado anakuja," Su-o akasema. "Anasimama pale pale mlangoni, anachezesha mdomo. Hana sauti, vile vile."

"Pole, mdogo wangu."

"Usinipe pole." Su-o alikuwa akimchambua samaki, na hakuinua macho. "Hakuwa anasema, Dada Pao-chu. Siku zote nilikosea. Alikuwa anapapasa miiba."

Akadondosha mmoja kwenye sahani ya bati, akasogeza bakuli upande wa mgeni wake, akamwambia ale kabla hajapoa.